Tupeane uzoefu: chakula cha kujaza sahani bila kujaza kalori

Sufuria Pana

Wakuu, uzi huu ni wa mapishi ya kushiba huku kalori zikibaki chini. Masharti mawili tu: weka vipimo kwa gramu, na useme pishi linaharibikia wapi. "Kiasi" na "kidogo" havimsaidii mtu mwenye mizani mezani.

Naanza na hesabu. Tumbo linahisi uzito na ujazo, halijui kalori. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, wanga na protini 4 kila kimoja, nyuzinyuzi kama 2, maji 0. Ukiongeza maji na nyuzinyuzi ndani ya chakula, sahani inakua na kalori zinasogea kidogo sana. Kwa gramu 100: tango kalori 15, kabichi 25, viazi vya kuchemsha 87, wali 130, karanga 567, mafuta ya kupikia 884. Kilo nzima ya kabichi inalingana na vijiko viwili vya mezani vya mafuta.

Pishi la kwanza, kabichi na mayai, mtu mmoja mwenye njaa kweli: kabichi gramu 500, nyanya 200, kitunguu 100, karoti 100, mayai 2, mafuta gramu 5. Jumla kama kalori 425, na kabla ya kupikwa ni kilo nzima ya chakula.

Kitunguu kianze na zile gramu 5. Kikianza kushika chini, mwagia vijiko viwili vya maji, kwangua ule ukahawia, acha maji yakauke, rudia. Mara tatu au nne, ndani ya dakika 8, kitunguu kinakuwa na rangi na ladha kama kilichokaangwa kwenye mafuta mengi. Nyanya na karoti dakika 5. Kabichi iingie kwa mafungu mawili, moto mkali, dakika 4 hadi 5, usifunike. Chumvi mwisho kabisa. Ukiitia mapema inavuta maji ya kabichi, nayo inajichemsha humo na kulegea. Sogeza kabichi pembeni, vunja mayai palepale, yakishikana changanya.

Mizani ya Jikoni

Pishi zuri, ila watu wataliharibu kwenye zile gramu 5. Kijiko si kipimo. Kijiko cha mezani kilichojaa sawasawa ni gramu 13 na ushei, kalori 120. Cha kumwagika pembeni kinafika hata 18. Njia safi: weka chupa ya mafuta juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, mimina, rudisha chupa. Namba yenye alama ya kutoa ndiyo iliyoingia kwenye sufuria.

Mafuta ya kupulizia nayo yana mtego. Kwenye kopo zile za Marekani huandikwa kalori 0 kwa sababu sheria yao ya lebo inaruhusu chochote chini ya kalori 5 kwa kipimo kimoja kiandikwe sifuri, na kipimo chenyewe mara nyingi ni mpulizo wa robo sekunde. Nani anapuliza robo sekunde? Ukibonyeza sekunde 4 umetumia vipimo 16.

Halafu biringanya. Bichi lina kalori 25 tu kwa gramu 100, lakini nyama yake ni sponji: vijishimo vya hewa vinakunywa mafuta yote ya kikaango, na bado linaonekana kavu, unaongeza. Dawa ni kuvunja hivyo vijishimo kabla mafuta hayajafika. Kata vipande vya unene wa sentimita 1.5, vipike kwa mvuke au kwenye maikrowevu dakika 5 mpaka vinywee, vikaushe kwa kitambaa, ndipo upake gramu 5 za mafuta kwa brashi kwa biringanya zima la gramu 400. Kikaango kiwe kimeshapata moto. Vipande vikinyonya kila kitu ndani ya sekunde chache, jua hukuvipika vya kutosha mwanzoni.

Bakuli la Pili

Upande wa supu. Mwaka 1999 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Penn State walijaribu chakula kilekile cha kuku na wali kwa namna tatu kabla ya mlo wa mchana: kikavu, kikavu pamoja na glasi ya maji, na kikiwa supu yenye kiasi hichohicho cha maji. Waliopewa supu walikula kidogo zaidi kwenye mlo uliofuata. Maji ya glasi hayakufanya kazi hiyo. Kwa hiyo ule ushauri wa "kunywa maji mengi ushibe" umekaa upande. Maji yapikwe ndani ya chakula.

Supu nzito ya mabakuli mawili: koliflawa gramu 400, karoti 150, kitunguu 100, dengu nyekundu kavu 60, vitunguu saumu punje 4, maji mililita 900. Inakuja kama kalori 420 sufuria nzima, 210 kwa bakuli. Chemsha vyote pamoja dakika 25 mpaka dengu zipasuke. Saga nusu tu, nusu iache na vipande: supu iliyosagwa yote inanyweka kama kinywaji, na mdomo usipotafuna mlo unaisha upesi mno.

Mahali pa kukosea ni panne. Limau au nyanya zikiingia kabla dengu hazijalainika, asidi inazichelewesha na zinabaki na kiini kigumu. Limau liingie moto ukishazimwa. Supu ikiwa nyepesi usiongeze unga, ipike wazi dakika 10. Chumvi isubiri mpaka imeshapungua, maana ikipungua chumvi haipungui nayo. Na la hatari: usijaze supu ya moto kwenye blenda ukabana kifuniko. Mvuke unakirusha na supu inakuunguza. Jaza theluthi moja, toa kile kizibo cha katikati, funika kwa kitambaa, anza na mwendo mdogo.

Protini Kwanza

Hapa napinga kidogo. Bakuli la mboga tupu linashibisha kwa saa moja na nusu, kisha mtu anarudi jikoni na kula mkate mzima. Kila mlo uwe na gramu 25 hadi 35 za protini: kidari cha kuku kisicho na ngozi gramu 150 kabla ya kupikwa, au yai 1 na ute mweupe wa mayai 5, au mtindi mzito usio na mafuta gramu 250. Kwa kabichi ya Sufuria Pana, mayai 2 ni gramu 12 tu, na mboga zote zile zinaleta kama 10. Haijafika. Ongeza ute wa mayai 2, ni kalori 35 hivi.

Na viazi mnavionea bure. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38 kwa kiasi kilekile cha kalori, mkate mweupe ukipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, juu ya vyote. Vya kukaanga 116. Kiazi hakina kosa, kosa ni mafuta.

Chipsi za oveni: viazi gramu 400 bila maganda, vikatwe unene wa sentimita 1, vichemshwe dakika 6 kwenye maji yenye chumvi na kijiko kimoja cha siki. Siki inazuia vipande kumomonyoka nje huku ndani vinaiva. Chuja, viache vitoe mvuke dakika 5 mpaka uso uwe mkavu na wenye chembechembe. Hizo chembechembe ndizo zitakazokuwa ganda. Changanya na gramu 5 za mafuta, tandaza visigusane, nyuzi 220, dakika 30 hadi 35, geuza mara moja. Kalori 350 na sahani imejaa. Vikirundikana vinatoa mvuke, havikauki, unapata viazi vya njano vilivyolegea. Trei ikiwa ndogo pika mara mbili, hakuna njia ya mkato.

Wali Nusu

Kwa wasioweza kuacha wali: wali uliopikwa gramu 120 na koliflawa iliyokunwa gramu 250. Kalori 220 kwa kitu kinachojaa sahani. Wali mtupu wa uzito huohuo ungekuwa 480. Koliflawa ipikwe peke yake, kikaango kikavu cha moto mkali, dakika 5, bila kufunika. Ukiipika pamoja na wali inatoa maji na wali unakuwa uji. Zikutane sahanini.

Asubuhi Mapema

Uji wa oti wa bakuli kubwa: oti gramu 40, zukini (boga dogo la kijani lenye umbo kama tango) iliyokunwa gramu 150 (menya kwanza kama rangi ya kijani inakukera), maji mililita 350, ute wa mayai gramu 100, kakao gramu 5, chumvi punje chache. Karibu kalori 240, na bakuli zaidi ya nusu kilo.

Oti, zukini na maji vichemke dakika 6 mpaka vizito. Sasa angalia hapa, maana wengi wanapotea: punguza moto mpaka mapovu yaishe kabisa, mimina ute kama uzi mwembamba huku mkono mwingine unakoroga bila kusimama. Ndani ya dakika moja uji unabadilika, unakuwa mweupe kidogo, unavimba na kung'aa kama krimu. Ukiona vipande vyeupe kama vya yai la kuvuruga, uji ulikuwa bado unachemka. Hauna madhara, unalika, ila utamu wake umekwenda. Kakao iingie mwisho kabisa, ikiwa imekorogwa na kijiko cha maji moto isifanye madonge.

Tamutamu

Mbona hakuna vitafunwa? Aiskrimu ya matunda: stroberi zilizoganda gramu 300, mtindi usio na mafuta gramu 100, unga wa zanthani (unga wa kufanya chakula kiwe kizito) robo kijiko cha chai. Kalori 155, na ni bakuli la watu wawili wasio wachoyo.

Matunda yagandishwe vipande vya sentimita 2 yakiwa yametandazwa. Yakiganda kama jiwe moja blenda itanuka kuungua. Yatoe friza dakika 5 kabla. Mtindi uingie kidogokidogo, kijiko kimoja kimoja, unasukuma matunda chini kati ya kila kijiko, mashine ikiwa imezimwa. Ukimwaga wote kwa pamoja una juisi baridi, na haurudi nyuma. Zanthani inashika hewa, ndiyo maana inavimba ukiendelea kusaga dakika 2 zaidi. Ikizidi nusu kijiko inakuwa utelezi wa bamia. Na iliwe papo hapo: haina sukari wala mafuta ya kutosha kuizuia isigande, ikirudi friza inatoka tofali.

Bisi: mbegu gramu 30 bila mafuta, sufuria nzito, kifuniko kiachie upenyo mdogo wa mvuke, tikisa. Kalori 110 hivi kwa vikombe 4. Mvuke ukifungiwa zinakuwa kama mpira. Chumvi haishiki bisi kavu, kwa hiyo pakaza gramu 3 za mafuta baada ya kupasuka, utapata ladha zaidi kuliko ukiweka vijiko viwili chini.

Jeli: jelatini gramu 10 kwa nusu lita. Iloweke kwenye maji baridi mililita 100 kwa dakika 5, ipashe iyeyuke bila kuchemka, changanya na mengine. Nanasi, papai na kiwi mbichi zina kimeng'enya kinachokata jelatini, haishiki hata ulale nayo. Yachemshe hayo matunda kwanza.

Tumbo Langu Shahidi

Kabla watu hawajarukia kilo ya kabichi kesho: nyuzinyuzi zikipanda ghafla zinaleta gesi na tumbo kubana. Ongeza kama gramu 5 kwa siku, kaa hapo wiki nzima, ndipo uongeze tena, na maji yaende nazo. Maganda ya sailiamu (maganda ya mbegu yanayouzwa kama nyuzinyuzi) yasimezwe makavu hata siku moja, yanavimba na yanaweza kuziba koo. Pipi "zisizo na sukari" zenye sorbitoli au maltitoli (vitamu mbadala wa sukari) zinavuta maji utumboni. Ukila mfuko mzima, choo kitakujua.

Mafuta nayo yasifutwe kabisa. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili mwili uzipokee, hivyo gramu 5 hadi 10 kwenye mlo zibaki. Na mtindo huu si wa watoto wadogo, mjamzito, aliyepungukiwa uzito au aliyewahi kusumbuliwa na maradhi ya ulaji.

Mizani ya Jikoni

Nyongeza: pima kibichi, andika kibichi. Mchele gramu 100 unakuwa wali wa karibu 300, kuku anapoteza kama robo ya uzito. Ukipima kilichopikwa ukasoma kalori za kibichi, hesabu yote ni bure.

Mgeni Jikoni

Swali: saladi kubwa bila mayonezi inamezekaje?

Protini Kwanza

Mtindi mzito usio na mafuta gramu 100, haradali gramu 10, limau nusu, punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa, chumvi. Kalori 70 hivi, mayonezi gramu 100 tu ni kama 680. Iache friji nusu saa ukali wa kitunguu utulie. Majani yakaushwe vizuri kabla ya kuchanganya, la sivyo mchuzi unateleza wote chini ya bakuli. Ukitaka kuitumia kwenye chakula cha moto, mtindi utakatika, kwa hiyo ukoroge kwanza na gramu 3 za konflawa, au utie sufuria ikiwa imeshatoka motoni.