Naomba ushauri: kuhifadhi mafaili ya chuo kizima kwenye seva yetu

Habarini wakuu, shikamooni mliotutangulia kwenye hii kazi. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja cha hapa Tanzania, wanafunzi na wafanyakazi jumla kama 6,000 hivi. Tulikuwa tunatumia Google Drive ya vyuo ila tangu 2022 ile ya bure ni TB 100 kwa taasisi nzima, na sisi video za vipindi zimejaa mno, kulipia zaidi uongozi umesema bajeti hakuna.

Nikafunga Nextcloud (programu ya kuhifadhi na kushirikishana mafaili kama Drive, ila kwenye seva yako mwenyewe) kwenye seva yetu, diski 4 za TB 8 kwa RAID 6 (mpangilio ambao hata diski mbili zikifa data inabaki, ila unakula nafasi ya diski mbili) kwahiyo nabaki na TB 16 tu za kutumia. Nimejaribu na idara moja, watu 40, inaenda vizuri na ndani ya chuo hawatumii bando, hilo limewafurahisha sana wanafunzi. Mafaili makubwa yalikuwa yanagoma nikaongeza kikomo cha ukubwa wa faili kwenye PHP (lugha inayoiendesha Nextcloud) yakapita.

Sasa nimekwama kwenye hesabu, nikimpa kila mtu GB 5 inakuja TB 30, sina. Nikiwapa GB 2 inatosha lakini wa mwaka wa mwisho wenye data za utafiti watateseka, na RAID siyo bakapu (nakala ya akiba iliyo kando), hilo linaninyima usingizi maana humo kuna tasnifu za watu.

Naomba kujua, kuna aliyewahi kugawa zaidi ya alichonacho akitegemea wengi hawatajaza, ilimwendeaje? Na bakapu mnaiweka wapi kwa bei ya kawaida?

Natanguliza shukrani.