Tupeane uzoefu: mdudu gani aliingia kwenye tanki lako la matumbawe bila kualikwa?

Bi Sampu
Wakuu, salaam. Nimemulika tanki kwa kurunzi muda si mrefu, taa zimeshazimwa, nikamkuta aiptasia, yule anemoni msumbufu anayefanana na ua na kuchoma matumbawe, amechanua nyuma ya mwamba, pale ambapo mkono hauingii wala sindano haifiki. Wa kahawia, mwembamba, kama kimnazi kinachoyumba. Nimeishiwa nguvu. Hebu kila mtu aseme alivamiwa na nani na alimtoaje. Wale wa "vunja tanki uanze upya" mpite kimya kimya.

Sindano Butu
Pole sana dada. Umenitonesha kidonda.

Mimi nilisafiri, tanki nikamwachia shemeji alishe samaki. Yeye kwa moyo mweupe kabisa akaona "ua baya" limeota kando ya tumbawe langu la euphyllia, akachukua kisu akalikwangua vizuri, akafurahi. Narudi, mwamba wote una vichipukizi. Huyu mdudu ukimkata, kipande cha mguu kikibaki jiweni kinaota mwingine. Na hata asipokatwa, akitambaa anaacha vipande nyuma yake navyo vinaota. Euphyllia ikawa imejikunja upande mmoja kwa kuchomwa kila siku, hadi nyama ikaachana na mfupa. Nilikuwa nikiamka naenda kuchungulia kabla sijanawa uso.

Kilichonisaidia ni uji mzito wa chokaa, ile hidroksidi ya kalsiamu ya kuongezea kwenye maji. Unazima pampu zote. Unachukua sindano yenye ncha butu, unashuka polepole kutoka juu, na usimguse, maana akistuka anazama tunduni na leo humpati tena. Unamwachia tone dogo mdomoni. Anadhani kaletewa chakula, anakunja mikono kukimeza. Hapo sasa unamfunika mwili mzima. Acha chokaa itulie ndipo uwashe pampu. Kwenye tanki dogo usipige wengi siku moja, pH itapaa.

Mzee Skima
Naunga mkono. Hasa hapo kwenye kuzama tunduni.

Kamba Mkavu
Chokaa ya nini yote hiyo? Weka kamba pepaminti, lala usingizi.

Sindano Butu
Niliweka. Walikuwa wanapokonya chakula mdomoni mwa samaki, aiptasia wanawaruka kama hawawaoni.

Kamba Mkavu
Uliuziwa siyo. Pepaminti ni Lysmata, ana mistari myekundu iliyofifia. Wengine wanauziwa yule mwenye nundu mgongoni na mistari myeupe, Rhynchocinetes, na huyo kazi yake ni kuchuna polipu, vile viumbe vidogo vinavyounda matumbawe. Na hata wa kweli usiwashibishe, mtu aliyeshiba haendi shamba.

Bi Sampu
Na samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu je? Nasikia anawatoa hadi kwenye nyufa.

Mzee Skima
Chelmon? Kwangu aliwamaliza, kisha akahamia kwa minyoo ya mirija niliyokuwa naipenda. Kwa jirani yangu aligoma kula kitu chochote tangu siku anaingia, akafa amekonda. Kama unataka wa uhakika tafuta berghia, yule konokono asiye na gamba. Chakula chake ni aiptasia tu, hajui kingine. Shida ni kwamba wakiisha naye anakufa njaa, kwa hiyo mtafutie nyumba ya pili mapema. Na kama una samaki wanaokula vijidudu, wale wa jamii ya wrasse, utakuwa umewaletea wao kitoweo.

Manyoya
Mnahangaika na maua nyie. Minyoo ya manyoya ndiyo balaa! Niliinua jiwe, wakamiminika chini yake, wa rangi ya waridi, wanene. Nawatoa wote kwa kibano kila usiku.

Mwani Mfupi
Unawatoa kwa kosa gani? Wale ndio wafagizi wa tanki. Wanakula mabaki yanayooza chini ya mchanga. Wakizidi ujue unalisha kupita kiasi.

Manyoya
Walikula kome wangu mkubwa nikiwaangalia!

Mwani Mfupi
Kome wako alikuwa ameshakufa au anakata roho. Waliitwa msibani, wakaja.

Manyoya
Wewe ulikuwepo? Watu wengine mnajifanya mlizaliwa ndani ya sampu, lile tanki la kuchujia maji.

Mzee Skima
Vijana, taratibu. Wengi wao kweli hawana neno, ila yupo yule mnyoo wa moto mwenye manyoya mengi na vishada vyekundu, huyo hula matumbawe. Wote msiwashike mikono mitupu. Miiba ikishaingia kwenye ngozi bandika utepe wenye gundi uuvute, kisha paka siki. Ukikuna unaisukuma ndani zaidi.

Taa Bluu
Mimi nilikuwa nasikia "tak! tak!" usiku nikadhani kioo kinapasuka. Kumbe kamba mwenye mikono ya vunjajungu, alikuja ndani ya mwamba hai, lile jiwe la baharini lenye viumbe ndani. Konokono wote maganda yametobolewa. Nilitoa mwamba, nikamwaga maji ya gesi ndani ya tundu, akatoka mbio. Sasa anaishi kwenye tanki lake peke yake na nimemzoea kuliko samaki.

Kamba Mkavu
Hahaha umemfuga mwizi wako.

Mwamba Hai
Naona mnacheka. Mimi nitaeleza ya kaka yangu, na msome hadi mwisho.

Alikuwa na palithoa za kahawia, viumbe wa jamii ya matumbawe, zile zinazotambaa zinafunika kila kitu. Alishajaribu kuzikwangua, zikarudi. Siku hiyo akasema basi, akatoa mwamba mzima, akautia kwenye sufuria la zamani, akauchemsha jikoni. Madirisha yamefungwa. Harufu ikawa mbaya, akavumilia. Baadaye kidogo akaanza kulalamika mdomo una ladha ya chuma. Kisha kikohozi. Kisha kifua kikabana, anatetemeka mwili mzima na jasho linatoka. Shemeji, ambaye hata jikoni hakuingia, naye akaanza kukohoa. Mbwa kalala sakafuni anahema ulimi nje.

Hospitali wakaanza kuuliza habari za mafua. Shemeji ndiye aliyekumbuka kusema, "alikuwa anachemsha jiwe la tanki." Daktari akamwangalia kama haelewi. Ikabidi tumwoneshe maandishi kwenye simu: palitoksini, sumu ya palithoa. Haina dawa ya kuifuta, wanakusaidia kupumua tu hadi mwili uitoe wenyewe. Alitoka, namshukuru Mungu, lakini ngazi tu zilimshinda kwa muda mrefu.

Taa Bluu
Duh.

Manyoya
Aisee! Mimi nazisugua kwa mswaki kila wiki.

Kamba Mkavu
Hapa chumvi imezidi. Nina zoa, ndugu wa hizo palithoa, miaka yote, nazikata kwa wembe, sijawahi hata kupiga chafya.

Mwamba Hai
Chumvi ipo kwenye tanki lako. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha matumbawe ya tanki, na baadhi ya waliokuja kuwaokoa wakapelekwa hospitali pia. Sumu yenyewe ilitengwa mwaka 1971 kutoka palithoa wa Hawaii. Si kila zoa anayo kwa wingi, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wewe una bahati, siyo ujuzi.

Mwani Mfupi
Yuko sahihi. Usichemshe, usimwagie maji ya moto, usitumie mvuke, usisugue nje ya maji ukajirushia usoni. Glavu na miwani. Mwamba wa kutupwa uloweke nje ya nyumba kwenye maji ya klorini, hiyo inaivunja sumu.

Bi Sampu
Na mimi nilikuwa naelekea kuutoa huu mwamba niuchemshe. Una zoa kila upande.

Mwamba Hai
Dada, weka sufuria chini.

Kipande Kimoja
Samahani kwa kuingilia. Kuna anayejua minyoo bapa myekundu? Wamejaa mchangani na juu ya mawe.

Mzee Skima
Kabla ya dawa yoyote wafyonze kwa mpira mwembamba uwezavyo. Wakifa wengi kwa pamoja wanatoa sumu, na samaki wanaondoka nao. Weka mkaa mpya wa kuchuja, na uwe na maji ya chumvi tayari ya kubadilishia.

Mwani Mfupi
Ongezea: wale bapa wa akropora, aina ya tumbawe gumu, ni wengine. Kuosha tumbawe kwa dawa kunaangusha wakubwa tu, mayai yanabaki. Yakwangue kwa macho yako, yako chini kwenye mfupa mtupu, halafu urudie kuosha mara kadhaa. Na kila tumbawe jipya likae tanki la pembeni kwanza.

Kamba Mkavu
Tanki la pembeni nalo likipata aiptasia?

Mwani Mfupi
Basi umelipata huko na siyo kwenye lile kubwa. Ndiyo kazi yake.

Taa Bluu
Na konokono wa mirija, wale wanaotandaza utando kama wa buibui juu ya matumbawe?

Sindano Butu
Gundi ya kubandikia matumbawe, tone moja kwenye mdomo wa mrija. Kwisha habari.

Taa Bluu
Mirija imejaa mwamba mzima.

Sindano Butu
Gundi nyingi.