Injini ya sataranji Stockfish 17 inajifunga kwenye prosesa ya i5-3320M. Na injini za nchi tofauti zikikubaliana, niamini?

FarasiMweusi
Wakuu, habarini. Laptop ni i5-3320M, RAM GB 8, Windows 10. Nimeshusha Stockfish 17, lile faili lenye avx2 kwenye jina. Nikilibofya, dirisha jeusi linachungulia na kupotea. Arena, programu ya ubao ninayoitumia, nayo haipati jibu. La pili: nachambua michezo ya klabu, na nilitaka nitumie injini ya Norway, ya Ujerumani na ya Marekani, zikikubaliana ndiyo niamini. Inaleta mantiki?

NgomeKona
Mkuu, prosesa hiyo ni Ivy Bridge ya 2012. AVX2, seti ya amri za prosesa, ilianza na Haswell mwaka 2013. Programu ikifika kwenye amri ambayo prosesa haiijui, Windows inaiua hapo hapo. Shusha faili lenye sse41-popcnt mwishoni mwa jina. Likigoma na hilo, chukua lile la x86-64 tupu: ni zito, lakini linakubali karibu kila mashine ya biti 64.

Usisubiri ubao, Stockfish haina. Dirisha likibaki wazi andika `uci`. Orodha ikiishia na `uciok`, injini ni nzima. Halafu andika `bench` na unakili Nodes/second (nafasi inazochungulia kwa sekunde) ya mwisho. Ukija kubadilisha faili, hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Arena sasa. Hash (memori ya injini) huanzia MB 16, weka 1024. Ukiweka 4096 huku kivinjari kina tabu ishirini, Windows itaanza kuhamishia memori kwenye diski na kasi itaporomoka. Threads weka 2. Viini halisi ni 2 ingawa Windows inaonyesha 4, na laptop ya umri huo ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe. MultiPV (idadi ya hatua bora zinazoonyeshwa) iache 1 unapotaka kina. Ukiweka 3, muda ule ule unagawanywa kwa hatua tatu.

MlinziWaMfalme
Kuhusu nchi: bendera haikusaidii, angalia ukoo. Stockfish ilizaliwa 2008, Marco Costalba wa Italia alipoichukua Glaurung ya Tord Romstad wa Norway, wakawa pamoja na Joona Kiiski wa Finland. 2013 Gary Linscott akaleta Fishtest, ambako watu wanaazima kompyuta zao ili kila badiliko lipimwe kwa maelfu ya michezo. NNUE, yaani mtandao wa neva mwepesi unaokimbia kwenye CPU, ni kazi ya Yu Nasu wa Japani ya 2018, na aliibuni kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani! Stockfish iliipokea kwenye toleo la 12, Septemba 2020. Baadaye mitandao yake ikafundishwa kwa data ya michezo ya Leela, injini nyingine ya mtandao wa neva. Kwa hiyo Stockfish na Leela zikikubaliana, umemuuliza mwanafunzi na mwalimu wake.

Kununua nako si dawa. Fat Fritz 2 iliyouzwa na ChessBase ya Hamburg mwaka 2021 ilikuwa Stockfish yenye mtandao mwingine; wenye Stockfish wakaenda mahakamani kudai leseni yao huria ya GPL iheshimiwe, wakapatana Novemba 2022. Na injini ya Rybka ilivuliwa mataji yake ya 2007 hadi 2010 na ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, kwa hoja kwamba ilinakili injini za Crafty ya Marekani na Fruit ya Mfaransa Fabien Letouzey.

Usilinganishe namba za tathmini pia. Tangu toleo la 15.1, +1.00 ya Stockfish maana yake ni uwezekano wa 50% wa kushinda dhidi ya injini ya kiwango hicho hicho. Injini nyingine ina kipimo chake. Linganisha hatua.

Jicho lililo tofauti kweli ni Maia, injini iliyofundishwa kwa michezo ya binadamu wa Lichess, viwango 1100 hadi 1900. Kwa michezo ya klabu, ukijua kosa ambalo mtu wa 1500 angelifanya, unapata cha kumfundisha.

FarasiMweusi
sse41-popcnt imekubali, uciok nimeiona. Maia naiendeshaje bila GPU? Na Syzygy, zile hifadhidata za mwisho wa mchezo, za vipande 6 nipakue?

MlinziWaMfalme
Tumia Lc0 (programu ya Leela) ya CPU, weka faili la Maia kama weights, halafu `go nodes 1`. Usiiongezee nodi: ikianza kutafuta mbele, inaacha kucheza kama mtu.

NgomeKona
Za 6 ni kama GB 149, na kwenye diski ya kuzunguka zitaichelewesha injini. Anza na za 3 hadi 5: mafaili 290, hayafiki GB 1. Pakua jozi zote, .rtbw (matokeo) na .rtbz (umbali). Folda zikiwa mbili, kwenye SyzygyPath zitenganishe kwa nukta mkato. Panga ubaoni nafasi yenye vipande vitano. Tbhits (mara injini iliposoma Syzygy) ikiganda kwenye 0, njia ya folda imekosewa.

Utaona pia injini ikitoa ngome bure wakati tayari inashinda. Haijaharibika: DTZ, yaani ule umbali wa .rtbz, inahesabu hatua hadi kula kipande au kusogeza askari, si hadi kumaliza mfalme, hivyo hatua ya ajabu inayorudisha hesabu ya kanuni ya sare ya hatua 50 kwenye sifuri, kwake ni sawa tu.