Kama Mtaliano alikuwa mwoga, babu zetu wa keya walipigana na nani?

Wakuu, nimekaa siku tatu nasoma ule uzi wa "majeshi ya kuchekesha ya Vita Kuu ya Pili" nikingoja atokee mtu mmoja wa kuwaambia nyamazeni. Hakutokea. Kurasa nane! Huyu anaandika kifaru cha Mtaliano kilikuwa na gia moja ya mbele na nne za kurudi nyuma, watu wanamshangilia. Yule anasema ukitaka kushinda vita omba Mtaliano awe mshirika wa adui yako. Wa tatu anamleta Mpolandi juu ya farasi anakatakata kifaru cha Mjerumani kwa panga. Utani huo umezeeka kuliko baba zenu, waliutunga watu wengine kwa faida yao, na nyinyi mmeuokota kama mtumba uliochakaa magotini mnauvaa na kujitazama kwenye kioo.

Niseme kwa nini inaniuma. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la askari Waafrika wa huku kwetu. Nyuma ya paja la kushoto alikuwa na shimo, nyama imebonyea ndani, na sisi wajukuu tulikuwa tunatumbukiza kidole gumba mle akiwa amelala mkekani baada ya chakula cha mchana. Tukimuuliza anajibu kwa maneno matatu tu: "Bombomu ya Mtaliano." Wapi babu? "Uhabeshi, kwenye mto." Alimtukana Mtaliano mpaka anaingia kaburini. Kumcheka, hapana. Sikuwahi kumsikia.

Sasa kaeni mfikiri kidogo. Mei 19, 1941, pale Colito, Uhabeshi, bataliani ya 1/6 ya KAR, hiyo ni bataliani ya Tanganyika, ya kwetu hii hii, ilikuwa imevuka mto ikashika ng'ambo. Wataliano wakarudisha mashambulizi kwa vifaru. Ng'ambo ile keya hawana silaha ya maana ya kuzuia kifaru. Sajenti Nigel Leakey, wa ukoo ule ule wa akina Leakey wa Oldupai, akarukia kifaru kwa nyuma, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwemo akamwacha dereva peke yake ili akiendeshe mpaka mahali pa kujikinga. Akashindwa kuutumia mzinga wake, akashuka, akaenda kuvinyemelea vingine pamoja na askari wenzake Waafrika. Alipanda cha pili, kikamtoa roho kifaru kingine. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na mwili wake haukuonekana.

Hivyo vifaru vilikuwa vinakuja MBELE, wakuu. Gia ya nyuma hapo iko wapi?

Na hiyo ni Mei. Mwezi huo huo Duke wa Aosta, aliyewekwa na Mussolini kutawala Afrika Mashariki ya Kitaliano, alisalimu amri kwenye mlima wa Amba Alagi. Mnadhani vita viliisha? Mji wa Gondar, kaskazini mwa Uhabeshi, Wataliano waliushikilia mpaka Novemba 27. Miezi sita zaidi, wamezungukwa pande zote, hakuna meli ya kuwaletea hata risasi. Pale Culqualber waliokuwa wanalinda njia ya kwenda Gondar walipigana mpaka karibu waishe. Kabla ya hapo Keren, kule Eritrea, majeshi ya Uingereza na India yalikwama milimani tangu mwanzo wa Februari hadi Machi 27. Ukisema hao walikuwa waoga, unamwambia babu yangu kwamba lile shimo la pajani alilipata akifukuza kuku.

Tena wengi waliokuwa upande ule walikuwa Waafrika: Waeritrea, Wasomali, Wahabeshi waliovalishwa sare za Roma. Kwa hiyo unapocheka "Wataliano" wa Afrika Mashariki, jua pia ni nani unayemcheka.

Kabla hamjanirukia: simtetei Mtaliano. Alimwaga gesi ya sumu Uhabeshi 1935 na 1936. Februari 1937 aliua raia Addis Ababa siku tatu mfululizo. Hayo ndiyo ya kumshika nayo shati, na kwenye kurasa zenu nane hakuna hata mmoja aliyeyataja. Mmebaki na gia za kifaru.

Kushindwa alishindwa, na vibaya. Kati ya Desemba 1940 na Februari 1941 Waingereza walikamata mateka kama 130,000 Misri na Libya. Ugiriki aliivamia Oktoba 1940, akasukumwa mpaka ndani ya Albania. Lakini jiulizeni alipelekwa na nini. Kile kifaru chao cha L3 kilikuwa na tani tatu hivi na bunduki za rasharasha tu, yaani pikipiki ya magurudumu mengi iliyovishwa bati. Mussolini aliingia vitani Juni 10, 1940 akijua jeshi lake haliko tayari, alitaka kuwahi meza ya kugawana. Mtu wa kijijini Calabria anatembea jangwani kwa miguu kwa sababu malori hayatoshi, halafu El Alamein, Misri, Novemba 1942, mshirika wake Mjerumani anarudi nyuma na magari anamwacha pale. Vikosi vya miavuli vya Kitaliano vya Folgore viliingia vikiwa maelfu, vikasalimu amri vimebaki mamia machache. Divisheni ya vifaru ya Ariete ilimalizwa Novemba 4 ikiwafunikia wengine njia. Baada ya hapo Wajerumani wakaandika kumbukumbu zao kwamba tumeshindwa kwa sababu ya Wataliano. Waingereza nao wakafurahi kuzisoma. Ndivyo sifa ya jeshi inavyotengenezwa.

Na usiku wa kuamkia Desemba 19, 1941, watu sita tu wamepanda vyombo vitatu vidogo vya chini ya maji, wakaingia bandari ya Alexandria, wakazitoboa manowari mbili kubwa za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Sita! Hilo halina utani wake, kwa hiyo humu ndani halijulikani.

Tuje kwa Mpolandi, maana yeye mnamdhalilisha kwa mlango mwingine. Ile ya farasi na vifaru haikutokea. Krojanty, Poland, Septemba 1, 1939, wapanda farasi wa Kipolandi waliwashambulia askari wa miguu wa Kijerumani na wakawatawanya, ndipo magari ya deraya yakatokea na rasharasha yakawavuna. Kesho yake waandishi wa habari wakaletwa kuangalia mizoga ya farasi, miongoni mwao Wataliano, na hadithi ikazaliwa. Cha kuchekesha kweli ni hiki: Agosti 24, 1942, kule Isbuscenskij, Urusi, kikosi cha farasi cha Savoia kilivamia askari wa miguu wa Kisovieti kwa mapanga mkononi, na kikashinda. Cha Kitaliano.

Mpolandi alisifiwa, ndiyo. Skwadroni ya 303, ya marubani wa Kipolandi ndani ya jeshi la anga la Uingereza, ilianza kazi rasmi Agosti 31, 1940, ndani ya wiki sita ikahesabiwa kuangusha ndege 126. Kabla ya hapo Mwingereza alikuwa amewakalisha darasani wajifunze Kiingereza. Mei 18, 1944 Wapolandi ndio waliopandisha bendera kwenye mlima wa Monte Cassino, Italia, wakizika zaidi ya watu 900. Mshahara wake? Jenerali wao Sosabowski aliwaonya wakubwa kuhusu mpango wa kushusha askari wa miavuli Arnhem, Uholanzi, mpango ukafeli, lawama akabebeshwa yeye, Desemba 1944 akavuliwa ukamanda. Akaishia kufanya kazi kiwandani London. Kwenye gwaride la ushindi London, Juni 8, 1946, waliitwa marubani 25 tu, nao wakakataa kwenda bila wenzao.

Mtu wa Arusha anayeandika "Wapolandi hawatuhusu" ndiye aliyenimaliza kabisa. Mkuu, umezaliwa Arusha! Panda daladala ya Usa River, shuka Tengeru, ulizia makaburi ya Wapolandi. Walikaa pale kama 5,000 tangu 1942, wengi akina mama na watoto, waliohamishwa na Stalin kwenda Siberia, wakapitia Uajemi mpaka wakafika chini ya Meru. Waume na kaka zao ndio hao hao wa Monte Cassino. Wakati wanaume wanapanda ule mlima, hawa wanalima mahindi Tengeru wakingoja barua. Februari 1945, kwenye mkutano wa Yalta, wakubwa watatu, Churchill, Roosevelt na Stalin mwenyewe, wakakaa, Stalin akapewa mashariki ya Poland, yaani vijiji walikotoka. Mshindi wa vita hana pa kurudi. Nimeyaona yale makaburi: misalaba, majina yenye herufi za z na w mpaka ulimi unaota kutu, na mingine ni mifupi, ya watoto.

Na Mtaliano naye tunaye hapa jirani. Kale kakanisa kadogo kando ya barabara Mai Mahiu, Kenya, kalijengwa na mateka wa Kitaliano 1942. Duke wa Aosta amezikwa Nyeri, Kenya hiyo hiyo. Leakey naye jina lake liko Nyeri hiyo hiyo, kwenye ukuta wa wasio na kaburi.

Jambo moja zaidi kwa wale wanaowapanga kama timu za ligi, huyu simba, huyu kondoo. Aprili 21, 1945, waliingia mji wa Bologna, Italia, siku moja, Wapolandi na vikosi vya Kitaliano vilivyokuwa vimehamia upande wa washirika, wote dhidi ya Mjerumani. Wimbo wa taifa wa Poland unaitaja Italia. Wa Italia unataja damu ya Mpolandi.

Yule mwenye gia nne za kurudi nyuma namngoja hapa. Usinijibu kwa picha ya kuchekesha. Anza na Colito.