Tupeane uzoefu: ni mgongano gani wa miaka katika filamu za X-Men uliokufanya uanze kuunda nadharia?

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Mfululizo wa filamu za X-Men, zinazosimulia mutanti, yaani watu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, ulianza mwaka 2000, na tangu hapo kila filamu mpya imeongeza matukio mbele au nyuma ya yale tuliyokwisha kuyajua, hata sisi tunaozifuatilia tukajikuta tunafanya kazi ya wanahistoria: tunapanga miaka, tunalinganisha ushahidi, na pale simulizi mbili zinapopingana tunajiuliza ni ipi ya kuaminiwa. Ninaomba kila atakayechangia aeleze mgongano uliomshughulisha kweli, nadharia aliyoiunda au kuipokea, na jinsi nadharia hiyo ilivyosimama au kuanguka ilipopimwa kwa yale yanayoonekana katika filamu zenyewe.

Nianze mimi. Kwangu ilikuwa ni miguu ya Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men anayetumia kiti cha magurudumu. X-Men: First Class ya mwaka 2011 inaonyesha risasi ikimpoozesha katika ufukwe wa Cuba mwaka 1962, wakati wa mgogoro wa makombora. Lakini X-Men: The Last Stand, iliyotoka 2006, inafunguka kwa tukio la miaka 20 nyuma ambamo yeye na Magneto, rafiki yake aliyekuja kuwa mpinzani wake, wanakwenda kwa miguu yao kumwona mutanti Jean Grey akiwa bado mtoto, na X-Men Origins: Wolverine ya 2009 inamwonyesha tena akiwa amesimama, akiwapokea vijana waliotoroka kifungoni. Filamu ya Days of Future Past ilipotoka mwaka 2014 na kutuonyesha dawa ya Hank, mwanasayansi wa kundi lao, ambayo mwaka 1973 inamrudishia Xavier uwezo wa kutembea, mashabiki wengi walipumua: basi huenda aliitumia tena miaka ya baadaye. Niliipenda nadharia hiyo, ila ukiichunguza haisimami, kwa sababu dawa ile ile inamnyang'anya uwezo wa kuingia katika akili za watu, na katika Origins ni sauti yake ndiyo inayomwongoza kijana Scott, mmoja wa watorokaji hao, kichwani mwake mpaka kwenye njia ya kutokea. Hawezi kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Ninashikilia kwamba First Class na Origins hazina historia moja, wala sioni haja ya kulazimisha undugu baina yake.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umegusa jambo ambalo mimi huliita mpaka wa 1973. Katika Days of Future Past, Logan, yaani Wolverine, anarudishwa katika mwaka huo kutoka siku za usoni na kubadilisha mkondo wa matukio, kwa hiyo lolote linalofuata linaweza kuwa tofauti na tulivyoliona mwanzo, lakini lolote lililotangulia lilipaswa kubaki vilevile. Tangu nilipoanza kutumia kipimo hiki, mijadala mingi imekuwa mifupi. Kifo cha Jean na cha Scott katika The Last Stand kinafutika bila tabu. Kuokota dosari yoyote na kusema kwamba Logan aliibadilisha, hapana, hilo halikubaliki.

Mfano uliobaki nami ni wa Angel, kijana mwenye mabawa. Katika The Last Stand tunamwona akiwa mvulana, miaka 10 kabla ya matukio ya filamu, akijikata mabawa kwa siri ili baba yake asiyaone. Katika X-Men: Apocalypse ya mwaka 2016 tunamkuta Berlin Mashariki mwaka 1983, tayari ni kijana mpiganaji anayepambana ndani ya kizimba. Hakuna badiliko la mwaka 1973 linaloweza kumfanya mtu awe amezaliwa mapema zaidi. Nimesoma maelezo mengi juu ya hili na ninalolikubali ni moja tu: hawa ni watu wawili tofauti waliojaliwa mabawa. Najua si jibu la kuvutia, lakini linaheshimu kile kilichoonyeshwa katika filamu zote mbili.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilivutwa na Mystique, mutanti anayeweza kujigeuza awe mtu yeyote. Mwishoni mwa Days of Future Past, Logan anaopolewa mtoni na watu wa Stryker, mwanajeshi anayewatesa mutanti, kisha macho ya huyo Stryker yanang'aa kwa rangi ya njano, nasi tunafahamu kwamba ni Mystique aliyejigeuza sura. Nilitoka na matumaini makubwa, kwa kuwa maana yake ni kwamba safari hii Logan ameokolewa kabla hajafika mikononi mwa watesi wake. Miaka miwili baadaye Apocalypse ikatuonyesha kuwa mwaka 1983 Logan yuko katika kambi ya Alkali Lake, mfungwa wa Stryker halisi, na kucha zake ambazo mwaka 1973 zilikuwa za mfupa sasa zimevikwa chuma.

Nini kilitokea katika miaka ile 10? Nadharia niliyoijenga ni kwamba Mystique alimwokoa kweli na kumwachilia, kisha Stryker akamkamata baadaye kwa njia yake mwenyewe. Haipingani na chochote kilichoonyeshwa. Kinachonisumbua ni ukimya wa filamu, kwa maana katika Apocalypse Mystique mwenyewe anashikiliwa ndani ya kambi ile ile anamofungiwa Logan, na hakuna neno hata moja linalotamkwa kuhusu mtu aliyemtoa mtoni. Waandishi walikuwa na nafasi mkononi na wakaiacha ipite. Ninalisema hili kwa masikitiko ya kweli, kwa sababu tukio la macho ya njano ni miongoni mwa ahadi nzuri kuliko zote ambazo mfululizo huu uliwahi kutupa.

Mchangiaji wa tatu

Langu ni hesabu fupi. Katika filamu ya mwaka 2000 Xavier anamwambia Logan kwamba ameishi karibu miaka 15 bila kumbukumbu. Origins inaweka upotevu wa kumbukumbu hizo katika kisiwa cha Three Mile Island, na sote tunajua kwamba ajali halisi ya kinu cha nyuklia cha hapo ilitokea Machi 1979. Ukijumlisha unapata takriban mwaka 1994, ilhali maandishi ya filamu ile ya kwanza yanasema tuko katika siku za usoni zisizo mbali. Nimeamua kuifuata kauli ya Xavier na kuiacha ajali ile iwe ya dunia yao, isiyofungwa na tarehe ya dunia yetu.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango hii. Ningependa kumsikia pia mtu aliyeshughulika na suala la umri, kwa sababu Magneto ni mvulana katika kambi ya mateso mwaka 1944, na katika Dark Phoenix, ambayo inasimulia mwaka 1992, bado ana sura ya mtu ambaye hajatimiza hata miaka 50.

Mchangiaji wa nne

Wapo wanaosema kwamba mutanti wote huzeeka polepole. Ushahidi nilioupata unamhusu Mystique peke yake: Hank anamweleza katika First Class kwamba chembe zake huzeeka kwa nusu ya kasi ya kawaida. Moira, jasusi wa CIA, ni binadamu asiye na kipawa chochote, na kutoka 1962 hadi 1983 sura yake haibadiliki. Kwa hiyo nadharia ya mutanti kuchelewa kuzeeka haitoshi. Hapa nadhani tukubali kwamba waigizaji walibaki wale wale huku kila filamu ikiruka takriban miaka 10, basi.

Mchangiaji wa tano

Mimi nimekaa zaidi na mwisho wa Days of Future Past. Logan anaamka mwaka 2023, shule imejaa wanafunzi, Jean na Scott wako hai. Kisha filamu iitwayo Logan ya mwaka 2017 inatupeleka 2029, ambako X-Men karibu wote wamekwisha. Ni miaka 6 tu katikati. Wengi walijitetea kwa kusema kuwa hiyo ni dunia nyingine kabisa, nami nilielewa kwa nini, maana inauma kuona furaha ile ikipokonywa mapema namna hiyo. Hata hivyo Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024 inaanzia kwenye kaburi lile lile la Logan na kulihesabu kuwa sehemu ya dunia ya Deadpool, mhusika mwingine wa filamu hizi, hivyo wanaotaka kulitenga wana kazi ngumu zaidi sasa kuliko zamani.

Fundo ambalo sijaona likifunguliwa ni la Dark Phoenix. Mwaka 1992 Jean anaangamia katika umbo la moto na shule inapewa jina lake. Mwaka 2023 yumo katika shule hiyo hiyo, akimtazama Logan kana kwamba hakuwahi kuondoka. Matukio yote mawili yako upande wa pili wa mpaka wa 1973, na filamu zote mbili ziliandikwa na Simon Kinberg. Kwa sasa ninaegemea dhana kwamba Jean alirudi wakati fulani katikati ya miaka hiyo 31, kwa kuwa dakika za mwisho za Dark Phoenix zinaonyesha ndege wa moto angani. Mwenye hoja ya kuipinga dhana hii kwa ushahidi wa filamu zenyewe aiweke hapa tuijadili.