Lyon, Marseille au Bretagne: wapi tukale chakula cha asili cha Kifaransa?

MtoPangani:
Habari za jioni wanajamvi. Mwezi wa 10 mimi na mke wangu tunakwenda Ufaransa siku nane, likizo tuliyoiwekea akiba muda mrefu. Tunashukia Paris. Tunachofuata ni chakula, kile wenyeji wanachokula kwao tangu enzi za bibi zao. Nimebakiwa na Lyon, Marseille na Bretagne, na muda unatosha sehemu mbili tu. Hatuli nguruwe, na kilevi hatutumii hata kikiwa ndani ya mchuzi. Waliofika nisaidieni.

KivuLyon:
Karibu kaka. Mimi ni wa Bukavu, nakaa Lyon mwaka wa tisa huu, kwa hiyo lazima nivutie kwangu. Tafuta bouchon, ndivyo tunavyoita migahawa midogo ya zamani, meza zimebanana mpaka unamsalimia jirani upende usipende. Agiza quenelle: samaki wa mtoni anasagwa, anachanganywa na unga, mayai na siagi, kisha anaumuka kwenye oveni ndani ya mchuzi wa kamba wa maji baridi. Anayependa utumbo wa ng'ombe ana tablier de sapeur, unalowekwa kwenye divai nyeupe, unaviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa.

Sifa ya mji huu ilijengwa na wanawake, wanaitwa "mères", akina mama. Wengi walianza kama wapishi wa majumba ya matajiri, wakaja kufungua migahawa ya kwao. Eugénie Brazier alipata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la kitabu kinachopima migahawa, mwaka 1933 katika migahawa yake miwili kwa wakati mmoja.

Ila kwa masharti yenu sitawaficha. Nguruwe yumo hata kwenye saladi ya Lyon, na divai iko kwenye michuzi mingi. Mtauliza kila sahani.

BintiMvita:
Basi Marseille, kaka yangu. Sisi wa pwani pale tunaelewana nao. Bouillabaisse ina zafarani, shamari, kitunguu saumu, na samaki wa mwambani kama rascasse, yule wa miiba. Kwanza unaletewa supu yenyewe na vipande vya mkate mkavu. Unavipaka rouille, ambayo ni kitunguu saumu, pilipili na zafarani vilivyopondwa na mafuta. Samaki wanakuja baadaye, wazima, wanachambuliwa mbele yako. Mwaka 1980 baadhi ya wenye migahawa waliandikiana mkataba kwamba sahani isiyo na angalau aina nne za samaki waliotajwa isiitwe kwa jina hilo.

Bei ni kubwa. Ile ya kweli inaweza kupita euro 60 kwa mtu, na mara nyingi unaagiza mapema. Ukiona ya bei ya chini sana pale bandarini, kula soupe de poisson tu. Ni supu ya samaki wa kusagwa, tamu, na haijifanyi kitu kingine. Uliza kama wametia divai au pastis, ambayo ni pombe kali, wapo wanaotia.

Jingine: Marseille ina Wakomoro wengi mno. Sokoni Noailles nilikutana na mama mmoja, Kikomoro chake na Kiswahili changu vikakutana katikati, akanichagulia shamari mwenyewe.

BahariaTanga:
Bretagne msiipite. Galette ya kule ni unga mweusi wa sarrasin, maji na chumvi, inamwagwa nyembamba kwenye chuma cha moto. Mseme "complète sans jambon", mtapata yai na jibini bila nyama ya nguruwe. Wenyeji wanashushia na cidre ya tufaha, ambayo ni kilevi. Nyie ombeni juisi ya tufaha. Kwenye mji wa Cancale mnanunua chaza kwenye vibanda vya bandarini, wanafunguliwa hapo hapo, limau juu, mnakula mkitazama bahari. Na siagi yao ina chumvi! Mkate na siagi ile peke yake ni mlo.

UkweWaGitega:
Kokote mtakakokwenda, fanyeni mlo mkubwa uwe wa mchana. Sahani ya siku inaandikwa kwenye ubao, na bei yake ni nafuu kuliko ya usiku. Jiko huwa linafungwa saa nane mchana. Mimi nilifika saa tisa na watoto wenye njaa, nikaishia penye picha za vyakula mlangoni, nikalipia sahani iliyopashwa moto. Iliniuma sana. Mkate hautozwi, na mkisema "une carafe d'eau" maji nayo ni bure. Jumapili usiku na Jumatatu pengi pamefungwa.

MtoPangani:
Asanteni mno. Mke wangu amesoma habari za zafarani akasema mjadala umekwisha. Siku tatu Bretagne, tunalala Saint-Malo, zilizobaki Marseille. Moyo unaniuma kuiacha Lyon.

KivuLyon:
Usiiache kabisa. Chukueni treni ya asubuhi kutoka Paris, mwendo wa saa mbili tu mko Lyon. Pitieni Les Halles, soko la ndani lenye jina la mpishi Paul Bocuse, mle quenelle na tarte aux pralines, ile nyekundu ya lozi. Jioni mnaendelea, Marseille haifiki saa mbili kutoka hapa. Usije Jumatatu. Nitumie tarehe, nitawapokea stesheni ya Part-Dieu na kuwaulizia wauzaji mwenyewe.

MtoPangani:
Jumatano basi. Nakutumia tarehe faragha usiku huu.