Kadi nyekundu ya kijana wangu: tukate rufaa au tunyamaze?

Kutoka: Mama wa Naas
Jumatatu, usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Wenye watoto wanaocheza Gaelic, huu mpira wa huku Ireland wa mikono na miguu, naomba ushauri wa haraka. Jana kijana wangu (ana miaka 16) alilimwa kadi nyekundu mechi ikiwa ukingoni. Namba 11 wa upande wa pili alikuwa kamng'ang'ania jezi tangu kipindi cha kwanza. Wakavutana, mikono ikaruka, wote wawili wakaenda chini. Refa akaenda kunong'ona na wale wazee wa golini wanaovaa makoti meupe kama wauza nyama, akarudi na uamuzi: yule njano, wangu nyekundu. Kilichonikaba koo ni kitu kidogo tu. Yule mwingine alimwita kwa jina lake. Wangu alimwita "namba sita".

Leo katibu wa klabu kapokea barua: kumpiga mpinzani, kukosa mechi moja. Na mechi inayofuata ni nusu fainali! Video ninayo, baba yake alirekodi. Tufanyeje?

Kutoka: Kaka wa Cork
Jumatatu, usiku

Dada, unauliza nini tena? Hiyo ni rangi ya ngozi. Kosa moja, kadi mbili tofauti. Andikia magazeti.

Kutoka: Mzee wa Galway
Jumanne, asubuhi

Marahaba Mama. Kaka wa Cork, weka kalamu chini kwanza.

Nimekaa kamati ya klabu miaka kadhaa, na nilianza nikiwa mjinga kuliko ninyi. Mara ya kwanza kusikia mwanangu kapewa "kadi nyeusi" nusura nivamie uwanja, nikidhani ni matusi. Kumbe ni kadi halali, ipo tangu 2014 kwa rafu za makusudi kama kumkwatua mtu mbio zake zikishakushinda. Zamani ukiipata unatoka na mwenzako anaingia. Tangu 2020 unakaa nje dakika 10.

Mama, iangalie vizuri hiyo barua. Ni adhabu inayopendekezwa, bado si hukumu. Mnaweza kuikubali au kuomba kusikilizwa, na ombi linapita kwa katibu wa klabu, siyo wewe kumpigia mtu simu. Siku mlizopewa ni chache, zimeandikwa humo humo. Zikipita mkiwa kimya, mmekubali.

Kwenye kikao, ripoti ya refa ndiyo msahafu. Kanuni inasema alichoandika kuhusu tukio huhesabiwa ni kweli, mpaka kipingwe na video isiyohaririwa au ushahidi mwingine mzito. Narudia: isiyohaririwa. Kuna baba mmoja alikuja na klipu kaipunguza mwendo, kachora duara jekundu, na kwa nyuma inapiga Bongo Fleva. Wanakamati walitazamana, mmoja akaanza kutikisa kichwa na biti. Imekwisha hapo. Kwa hiyo mwombe mzee mwenzio faili lenyewe lilivyotoka kwenye simu, refu, na vurugu za mwanzo zimo.

Sasa hili litakuuma. Yule namba 11 msahau. Najua ndiye anayekukosesha usingizi. Lakini kamati itakuwa na swali moja mezani: je, kijana wako alipiga? Mwenzake kupewa njano hakumsafishi wako. Na njano ikishatolewa, kamati inachoweza ni kumuuliza refa kama anataka kulitazama tukio upya. Akijibu kwamba ameridhika na alichoamua, hakuna wa kumsogeza. Refa ana nafasi yake ya kupima, na mimi naona wamempa pana mno. Ila ndivyo ilivyo, na ukienda pale kuzungumzia "mbona yule" utatumia dakika zako zote kumtetea mtoto kwa kesi ya mtoto mwingine.

Hata kwa wakubwa haieleweki. Diarmuid Connolly wa Dublin alitolewa kwa nyekundu nusu fainali ya 2015 dhidi ya Mayo. Kamati zikamkatalia, akafika DRA, baraza huru la usuluhishi, ambao ndio mlango wa mwisho. Usiku wa manane kuamkia siku ya marudiano wakamfutia, wajumbe wawili kwa mmoja, kwa hoja ya namna alivyosikilizwa. Akacheza. Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo alimgusa mshika kibendera kwenye mechi na Carlow, akala wiki 12, na safari hiyo hakukata rufaa. Mpaka leo ukitaka ugomvi baa, taja mojawapo.

Kuhusu rangi: kama kuna aliyemtukana mtoto, hilo ni shitaka lingine kabisa na GAA, chama kinachosimamia mchezo huu, wana kanuni yake. Andika maneno yenyewe, dakika, nani alisikia, umpe katibu leo. Je, lilisemwa neno?

Na mwambie kijana uwanjani asibishane. Tangu 2025 anayeongea na refa ni kapteni, na ukilalamika mpira unasogezwa mita 50 kuelekea kwenu.

Kutoka: Dada wa Drogheda
Jumanne, mchana

Naongezea tu: msitume hiyo video kwa WhatsApp, inabanwa na picha inakuwa uji. Tumieni kiungo cha Drive. Na kikaoni aende na mtu wa klabu anayezijua kanuni, mzazi akae pembeni. Mimi nililia kikaoni, sikumsaidia mtu.

Kutoka: Mama wa Naas
Alhamisi

Ahsanteni sana, Mzee hasa. Hapana, hakuna neno baya lililosemwa. Nimemuuliza mara tatu.

Jana usiku tulikaa watatu tukaitazama video yote, ile ndefu. Dakika nne nzima baba yake anarekodi viatu vyake mwenyewe. Halafu tukio. Unaona jezi inavutwa mpaka shingo inapinda, unaona wangu anajinasua, hapo nikasema haya, tumeshinda. Mtoto akachukua simu, akarudisha nyuma kidogo, akasimamisha. Akasema, "Mama, hapa nimeshajinasua. Hiki kiwiko kimekuja baadaye."

Kweli. Kimekuja baadaye.

Nimemwambia katibu hatuombi kikao. Mechi moja ataikosa. Ila nimeandika barua ya aya mbili kwa mwenyekiti, bila kutaja kadi, kuomba orodha ya wachezaji anayopewa refa kabla ya mechi iandikwe jina la kijana wangu kwa usahihi, maana nimegundua mwaka mzima limekuwa likiandikwa kwa herufi za kubahatisha.

Nusu fainali ni Jumapili saa tano asubuhi. Atakaa jukwaani na mimi. Kaka wa Cork, ukija njoo na koti, na mdomo uache garini.